Kasi na Uvutano: Nani Huuchelewesha Wakati?

Je, wakati hupita sawa kwa kila mtu? Jibu fupi ni kwamba haupiti sawa. Saa iliyo mwendoni huchelewa ikilinganishwa na iliyotulia, na saa iliyo bondeni huchelewa ikilinganishwa na iliyo mlimani. Albert Einstein aliyatabiri hayo kwa hatua mbili, mwaka 1905 na mwaka 1915, na tangu hapo yamepimwa kwa ndege, kwa roketi, kwa setilaiti na kwa saa zilizowekwa mezani. Katika fizikia ubishi juu ya hayo umekwisha siku nyingi.

Kinachoeleweka vibaya hadi leo ni uhusiano wa mambo hayo mawili. Habari za sayansi na filamu hulichukua moja na kulisahau la pili. Msomaji huambiwa kwamba anayekwenda anga za juu hurudi akiwa kijana kuliko wenzake, kisha siku nyingine huambiwa kwamba saa za setilaiti hukimbia kuliko za ardhini. Kauli zote mbili ni za kweli, ingawa zinaonekana kupingana. Zinapatana pale tu unapojua kwamba kasi na uvutano hufanya kazi kwa pamoja wakati wote, na kwamba mshindi huamuliwa na mahali ulipo.

Mwendo na nuru

Msingi wa jambo la kwanza ni nuru. Katika ombwe, nuru huenda kilomita 299,792 na ushei kwa sekunde, na kila anayeipima hupata kiasi hichohicho, awe amesimama au anakimbia. Gari likienda kilomita 80 kwa saa nawe ukalifuata kwa 60, utaona linakuacha kwa 20. Nuru haikubali hesabu hiyo: ifuate kwa kasi yoyote uliyo nayo, itakuacha kwa kilomita zilezile 299,792 kila sekunde. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walitafuta tofauti yoyote ya kasi hiyo mjini Cleveland, Marekani, wakaikosa. Einstein, aliyekuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, aliamua kulichukua jambo hilo kama sheria ya maumbile na kulifuata hadi mwisho wake.

Mwisho wenyewe ni huu. Tuseme ndani ya behewa la treni kuna vioo viwili, kimoja sakafuni na kingine darini, na mwale wa nuru unadunda kati yake. Kila mdundo ni pigo moja la saa. Abiria anauona mwale ukipanda na kushuka wima. Aliyesimama stesheni anauona ukienda mshazari, kwa kuwa wakati mwale unapanda, kioo cha juu nacho kinasogea mbele pamoja na behewa. Njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima. Sasa, kama kasi ya nuru ni ileile kwa wote wawili, basi kwa mtu wa stesheni kila pigo limechukua muda mrefu zaidi. Vioo havijaharibika na macho hayajadanganyika. Mapigo ya moyo wa abiria, ndevu zake zinazoota na saa yake ya mkononi vyote vimepungua mwendo kwa kiasi kilekile, na ndiyo maana yeye mwenyewe hahisi badiliko lolote.

Kwa kasi tulizozoea, tofauti ni ya sehemu za trilioni. Inapanda sana pale tu unapoikaribia nuru. Anayekwenda kwa asilimia 87 ya kasi ya nuru hupitisha saa moja wakati aliyebaki anapitisha mbili. Kwa asilimia 99.5, saa yake moja ni saa kumi za mwenzake.

Kina na uzito

Jambo la pili lilimjia Einstein mwaka 1907, akiwa bado Bern. Alitambua kwamba mtu anayeanguka kutoka darini hausikii uzito wake. Kutokana na wazo hilo alijenga, kwa miaka minane, nadharia mpya ya uvutano, na moja ya matokeo yake ni kwamba nuru inayopanda kutoka ardhini hulipa gharama ya kupanda. Kwa kuwa haiwezi kupunguza kasi, hupunguza mitetemo yake. Aliye juu hupokea mitetemo michache kwa sekunde kuliko ile iliyotumwa kutoka chini. Hakuna mtetemo uliopotea njiani, kwa hiyo maelezo yanayobaki ni haya tu: sekunde ya chini ni ndefu kuliko ya juu.

Robert Pound na Glen Rebka wa Chuo Kikuu cha Harvard walilipima hilo mwaka 1960 ndani ya jengo la fizikia, katika mnara wenye kimo cha mita 22.5. Walituma miale ya gama kutoka kwenye chuma na kupima badiliko la mitetemo yake kati ya darini na chini. Tofauti waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa sehemu mbili na nusu kwa kila milioni bilioni, nao wakaipata.

Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi. Husemwa kwamba mvuto mkali ndio unaochelewesha wakati. Kwa hakika kinachohesabika ni kina cha mahali, yaani kazi inayohitajika ili kutoka hapo kwenda mbali. Katikati kabisa ya Dunia hakuna mvuto, kwa sababu unavutwa sawa kila upande. Hata hivyo hapo ndipo wakati wa Dunia unapokwenda polepole kuliko popote. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 zinaonyesha kwamba kiini cha Dunia ni kichanga kuliko uso wake kwa takribani miaka miwili na nusu, tofauti iliyojikusanya kwa miaka bilioni 4.5.

Kwetu sisi tunaoishi juu ya ardhi, kanuni ni nyepesi: kadiri unavyopanda, ndivyo wakati wako unavyokwenda mbio. Saa iliyowekwa kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, huwahi kwa nanosekunde 55 hivi kila siku kuliko ya Tanga au Mombasa. Nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde. Kama ingewezekana mtu akaishi kileleni humo miaka 70, angekuwa amemzidi umri pacha wake wa pwani kwa kitu kama sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde. Leo hata mlima hauhitajiki. Mwaka 2010 watafiti wa Boulder, Marekani, waliinua saa moja ya atomu kwa sentimita 33 juu ya nyingine na kuiona ikitangulia. Mwaka 2022, mji huohuo, kundi la mtafiti Jun Ye lilipima tofauti hiyo ndani ya wingu la atomu lenye kimo cha milimita moja tu.

Mafahali wawili, zizi moja

Kasi humvuta anayesafiri nyuma. Mwinuko humsukuma mbele. Anayesafiri angani ana vyote viwili kwa wakati mmoja, na jaribio lililoonyesha hilo kwa uwazi zaidi lilifanywa kwa tiketi za ndege za kawaida.

Oktoba 1971, wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walichukua saa nne za atomu kutoka Washington, wakazifunga kwenye viti vya abiria na kuizunguka dunia mara mbili, mara ya kwanza kuelekea mashariki, mara ya pili kuelekea magharibi. Katika safari ya mashariki, hesabu zilisema mwinuko utaziwahisha saa kwa nanosekunde 144 na kasi itazichelewesha kwa 184. Jumla, zingerudi zikiwa nyuma kwa 40. Zilirudi zikiwa nyuma kwa 59, tofauti iliyo ndani ya mipaka ya usahihi wa hesabu na vipimo vya siku hizo. Katika safari ya magharibi, mwinuko ulitarajiwa kuongeza 179, na kasi, badala ya kupunguza, kuongeza 96. Jumla ni 275. Kipimo kilitoa 273.

Inakuwaje kasi iongeze? Jibu liko chini ya miguu yetu. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda kilomita 1,670 kwa saa. Saa iliyobaki Washington haikuwa imetulia. Ilikuwa ikibebwa na Dunia. Ndege ya mashariki iliongeza kasi juu ya mwendo huo. Ndege ya magharibi ilipunguza, na ukiitazama kutoka nje ya Dunia, ndiyo iliyokuwa ikienda polepole kuliko saa ya nyumbani.

Tulete hesabu hizo kwenye reli ya kisasa ya Tanzania. Abiria anatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa kilomita 160 kwa saa, anakaa huko siku nzima, kisha anarudi. Tukichukua saa sita za mwendo kwa kwenda na kurudi, kasi inamchelewesha kwa robo ya nanosekunde. Lakini Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na siku moja ya kukaa huko inamwahisha kwa nanosekunde kumi. Anashuka stesheni ya Dar akiwa mzee kidogo kuliko aliyebaki. Mwinuko umeishinda treni mara arobaini.

Angani matokeo hugeuka kulingana na kimo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kilomita 400 hivi juu yetu kwa kasi ya kilomita 7.66 kwa sekunde. Hapo kasi inashinda kwa mbali, na wanaanga huchelewa kwa takribani mikrosekunde 25 kwa siku, yaani sehemu 25 za milioni ya sekunde. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu na huenda kilomita 3.9 kwa sekunde. Kasi inazichelewesha mikrosekunde 7 kwa siku, mwinuko unaziwahisha 45, na jumla zinawahi kwa 38. Kati ya vimo hivyo viwili kuna mahali pa sare: saa inayozunguka Dunia kwa kimo cha kilomita 3,200 hivi huenda sawa na saa iliyotulia chini. Chini ya hapo kasi ni bingwa, juu ya hapo uvutano ni bingwa. Ndiyo sababu mwanaanga hurudi kijana na saa ya setilaiti hukimbia, bila kauli moja kuivunja nyingine.

Kuna sare nyingine ambayo Einstein mwenyewe hakuiona mwaka 1905. Katika makala yake ya kwanza aliandika kwamba saa ya ikweta ingechelewa kuliko ya ncha ya Dunia, kwa kuwa ikweta inazunguka na ncha haizunguki. Kwa kasi peke yake, ni kweli: ikweta hupoteza kama nanosekunde 100 kwa siku. Lakini mzunguko huohuo umeifanya Dunia ivimbe tumboni, na uso wa bahari kwenye ikweta uko mbali na kiini kwa kilomita 21 zaidi kuliko nchani. Mwinuko huo unarudisha kile kilichopotea. Kwa hiyo saa zote zilizo usawa wa bahari, za ikweta na za karibu na barafu za kaskazini, huenda pamoja. Hiyo ni bahati njema kwa wote wanaopanga saa za dunia.

Kurwa na Doto

Swali ambalo kila msomaji makini huliuliza ni hili: kama mwendo ni wa kulinganisha, kwa nini tusiseme kwamba treni ndiyo iliyotulia na stesheni ndiyo iliyokimbia? Tuchukue mapacha wawili: Kurwa abaki nyumbani, Doto aende kwenye nyota ya mbali kwa kasi kubwa na kurudi. Kila mmoja anamwona mwenzake akienda. Nani atakuwa kijana?

Ni Doto. Safari zao hazifanani. Kurwa hajageuza mwelekeo hata mara moja, ilhali Doto alilazimika kusimama, kugeuka na kurejea, na mgeuko huo yeye aliusikia mwilini. Njia yake kati ya kuagana na kukutana tena ni tofauti na ya Kurwa, na kila njia ina kiasi chake cha wakati. Wanapokutana na kuweka saa zao pamoja, ubishi unaisha.

Mapacha wa kweli wa habari hii wapo. Scott Kelly wa NASA alikaa angani siku 340 kati ya mwaka 2015 na 2016, na pacha wake Mark, ambaye naye ni mwanaanga mstaafu, akabaki ardhini. Scott alizaliwa dakika chache baada ya Mark, na safari hiyo ikamwongezea udogo wa sehemu nane hivi za elfu ya sekunde. Hakupata maisha marefu zaidi. Alikula, akalala na kufikiri kwa kiasi cha wakati alichopitisha, bila ziada hata kidogo. Wala hesabu hizi hazimpi mtu njia ya kurudi jana. Zinaruhusu tofauti ya mwendo kuelekea kesho tu.

Mahali ambapo tofauti ni kubwa

Nanosekunde zinaweza kumfanya mtu adhani kwamba jambo lote ni la wataalamu wa saa. Muoni zinakanusha hilo. Hizi ni chembe zinazozaliwa kilomita 10 hadi 15 juu, miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Muoni iliyotulia huishi mikrosekunde 2.2 tu, muda ambao hata nuru haimalizi mita 700. Zisingepaswa kutufikia. Zinatufikia kwa wingi, usiku na mchana, kwa sababu kwa kasi yao maisha yao yanarefuka mbele ya macho yetu. Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, muoni zilizozungushwa kwa kasi inayoikaribia ya nuru zilipimwa miaka ya 1970 zikiishi mara 29 ya kawaida.

Kwa upande wa uvutano, mfano mkubwa ni shimo jeusi, na pwani yetu ina sehemu katika historia yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Iligundua kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinametameta upesi mno, ndani ya sehemu ya sekunde, dalili ya kitu kidogo sana. Wanaastronomia walipoichunguza nyota inayozungukana nacho, walikuta uzito ambao maelezo yake ni shimo jeusi. Makadirio ya mwaka 2021 yanakipa uzito wa Jua mara 21. Shimo la uzito huo, kama halizunguki, lina mpaka wenye nusu-kipenyo cha kilomita 62 hivi. Anayeweza kuning'inia kilomita 21 nje ya mpaka huo angepitisha saa moja kwa kila saa mbili za huku kwetu.

Karibu na mashimo meusi kasi na uvutano havishindani tena. Mei 2018 nyota iitwayo S2 ilipita karibu na shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi yetu, ikienda karibu asilimia 3 ya kasi ya nuru. Nuru yake ilionyesha wakati uliochelewa kwa sababu ya kasi na kwa sababu ya uvutano pia, vyote vikisukuma upande mmoja. Kanuni nzima inakamilika hapo: anayepanda huona kasi na uvutano vikipingana, anayezama huona vikisaidiana.

Saa ya makubaliano

Kama kila mahali pana wakati wake, saa ya dunia inatoka wapi? Inatengenezwa. Ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris, hukusanya matokeo ya mamia ya saa za atomu kutoka nchi nyingi na kutoa wastani. Tangu Januari 1977 wastani huo husahihishwa ili uwe wa usawa wa bahari, maana saa za Boulder peke yake, zikiwa zaidi ya mita 1,600 juu, huwahi kwa nanosekunde 15 hivi kila siku. Saa tatu zinazoongezwa ili kupata saa ya Afrika Mashariki zinaongezwa juu ya kiwango hicho kilichokwisha kusawazishwa.

Mwaka huohuo wa 1977 ilirushwa setilaiti ya majaribio ya mfumo ambao leo tunauita GPS. Kwa kuwa wapo waliotilia shaka hesabu za Einstein, saa yake iliwekewa swichi ya masahihisho, na kwa siku kama 20 swichi iliachwa imezimwa. Saa ikawahi kwa mikrosekunde 38.2 kwa siku. Hesabu ilisema 38.6. Swichi ikawashwa. Sasa saa za GPS hupunguzwa mwendo kiwandani kabla ya kurushwa ili zikifika juu ziende sawa na zetu. Kila mikrosekunde ya kosa ni mita 300 za umbali, na 38 zinatoa zaidi ya kilomita 11 kwa siku moja. Dereva wa bodaboda anayemtafuta mteja kwa ramani ya simu hutumia nadharia zote mbili za Einstein, ajue asijue.

Hatua inayofuata ni Mwezi. Aprili 2024 Ikulu ya Marekani iliitaka NASA iandae wakati rasmi wa Mwezi ifikapo mwisho wa 2026. Huko uvutano ni mdogo, na saa huwahi kwa karibu mikrosekunde 58.7 kila siku ya Dunia. Vyombo vitakavyotua na kuelekezana huko haviwezi kutegemea saa ya Greenwich bila hesabu ya kati.

Hukumu, basi, ni hii. Kasi huchelewesha, kina huchelewesha, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoweza kupimwa kwa haki ukikisahau kingine. Wakati mmoja wa ulimwengu mzima haupo. Uliopo ni wa kila mahali na kila msafiri, pamoja na makubaliano tuliyoyaweka ili tuweze kukutana. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba mahali fulani wakati unakwenda polepole, aulize kwanza: polepole kuliko saa ya nani? Asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajasema kitu.